Msomi aliyegawa programu bure, akala kwa kupokea simu: kisa cha Richard Hipp

Kama unatumia WhatsApp kwenye simu ya Android, ndani yake kuna faili linaloitwa msgstore.db. Humo ndimo zinamokaa meseji zako: za nyumbani, za kundi la michango ya harusi, na za yule anayekudai. Faili hilo ni hifadhidata ya SQLite, programu ndogo ya kutunza na kutafuta taarifa ndani ya faili. Historia ya kurasa ulizofungua kwenye Chrome au Firefox imehifadhiwa kwa SQLite, iPhone nayo imejaa mafaili ya namna hiyo, na karani wa utafiti anayejaza dodoso kwenye ODK, programu ya kukusanya takwimu kwa simu, kijijini kusikoshika mtandao anatumia hiyohiyo bila kujua, maana ndiyo inayokumbuka fomu zipi zimejazwa na zipi hazijatumwa. Watengenezaji wake wanakadiria kwamba hifadhidata za SQLite zinazotumika duniani zimepita trilioni moja.

Programu hii ni ya bure kabisa. Haina leseni wala sharti la kumtaja aliyeiandika. Kampuni inayoitunza iko Charlotte, North Carolina, nchini Marekani, na watu wanaoandika msimbo wake ni wa kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Aliyeianzisha, D. Richard Hipp, ana shahada ya uzamivu na hakuwahi kuwa profesa. Nimekichagua kisa chake kwa ajili ya watu wa aina moja: waliosoma sayansi mpaka juu, wakakuta nafasi za chuo zimejaa, na sasa wanapiga hesabu kama kuandika programu kwa kujitegemea kunaweza kulisha familia. Habari nyingi za namna hii husimuliwa kwa kuruka kutoka siku ya kuacha chuo hadi siku ya mafanikio. Mimi naona utamu wa kisa hiki uko katikati, kwenye miaka isiyosimuliwa na kwenye orodha ya bei.

Hipp alizaliwa mwaka 1961. Alipata shahada ya uzamili ya uhandisi wa umeme pale Georgia Tech mwaka 1984, akafanya kazi miaka mitatu Bell Labs, maabara ya kampuni ya simu ya AT&T, kisha akaingia Chuo Kikuu cha Duke kusomea sayansi ya kompyuta chini ya Alan Biermann. Tasnifu yake ilihusu kuiwezesha kompyuta kufuata mazungumzo ya binadamu yanayosemwa kwa mdomo: namna ya kuchambua sentensi inayokuja na makosa na kukatikakatika, ukapata maana. Alimaliza mwaka 1992. Mwenyewe amesimulia kwenye mahojiano kwamba wahitimu wa uzamivu walikuwa wengi kuliko nafasi za kufundisha, naye hakuona sababu ya kusimama kwenye foleni ile. Akaanza kuchukua kazi za kandarasi. Baadaye kampuni ikaitwa Hwaci, kifupi cha Hipp, Wyrick na Kampuni. Wyrick ni jina la ukoo la mkewe, waliyeoana mwaka 1994.

Kutoka 1992 hadi 2000 ni miaka minane. Kwenye masimulizi mengi ya SQLite miaka hiyo hupewa mstari mmoja. Ni miaka ya kibarua: mteja ana tatizo, unaandika programu, unalipwa, unatafuta mwingine. Hakuna anayekujua. Mtu aliyetoka kwenye utafiti huiona hali hii kama kushuka cheo, kwa sababu chuoni tatizo unalichagua mwenyewe na sifa ni zako, ilhali kwenye kandarasi tatizo unaletewa na jina linabaki la mteja. Lakini huko ndiko alikojifunza kusikia malalamiko. Mtafiti hasikii malalamiko. Anasikia maoni ya wahakiki, na hayo ni kitu kingine.

Lalamiko lililobadilisha maisha yake lilitoka kwenye manowari. Alikuwa na kandarasi ya General Dynamics kwa ajili ya Jeshi la Majini la Marekani, kwenye meli ya USS Oscar Austin iliyokuwa ikijengwa Bath, Maine. Programu aliyohusika nayo ilishughulikia vali za mabomba ya meli: meli ikishambuliwa na mabomba ya maji yakapasuka, ifunge vali hizi na ifungue zile, ili maji yaendelee kufika yanakohitajika. Taarifa za vali zilikaa kwenye hifadhidata ya Informix, iliyoendeshwa na seva yake, yaani programu ya pembeni ambayo kila ombi la taarifa lilipitia kwake. Seva ilipozimika, programu ya Hipp haikuweza kusoma chochote, na kwenye kioo kikatokea kijidirisha cha kusema hifadhidata haipatikani.

Sasa fikiria nani anapigiwa simu. Mtumiaji haoni Informix. Anaona kijidirisha kilichochorwa na programu ya Hipp, kwa hiyo simu inakwenda kwa Hipp. Kosa si lake, na hana uwezo wa kulirekebisha, lakini lawama ni yake. Aliyewahi kufanya kazi za programu kwa wateja anaijua hali hiyo vizuri.

Swali alilojiuliza ni jepesi hata linachekesha: taarifa zenyewe ni za kusoma tu, wala hazibadiliki ovyo, kwa nini pawe na seva hapo katikati? Kwa nini programu isisome moja kwa moja kutoka kwenye diski? Ikiwa diski ni nzima na kompyuta inawaka, basi na hifadhidata ipo. Alitafuta iliyokuwa tayari hivyo, hakuipata, kazi ilipopungua kwa muda akaiandika. Toleo la kwanza likatoka Agosti 2000.

Hapa usomi wake unaonekana, na unaonekana mahali ambapo watu hawautafuti. Hipp hakuwa mtaalamu wa hifadhidata. Alikuwa mtu wa kuchambua lugha. Kwa hiyo alilitazama ombi la SQL, lugha ya kuulizia hifadhidata, kama mtunzi wa lugha za kompyuta anavyoitazama programu: ni sentensi, inachambuliwa, inageuzwa kuwa amri ndogondogo, kisha mashine ndogo ya kufikirika inazitekeleza moja baada ya nyingine. SQLite imejengwa hivyo mpaka leo. Sehemu inayochambua sentensi hutengenezwa na zana iitwayo Lemon, ambayo Hipp aliiandika mwishoni mwa miaka ya 1980 kwenye kompyuta ya Sun. Ile fani iliyoonekana haina ajira ilikuja kulipa baada ya zaidi ya miaka kumi, kwenye kazi isiyohusiana na mazungumzo ya binadamu hata kidogo. Anayetoka chuoni huuliza ujuzi wake unauzika wapi. Wa Hipp haukuuzika kwa jina lake. Ulijificha ndani ya kitu kingine.

Pesa je?

Mwanzoni hazikuwepo. Aliiweka SQLite kwenye intaneti kama mali ya umma, akaendelea na kandarasi zake. Kisha Motorola wakamtafuta: walitaka kuiweka kwenye simu, na walitaka mtu wa kuwasaidia na kuwaongezea vitu fulani. Kwa maelezo yake mwenyewe, wazo kwamba kitu unachogawa bure kinaweza kukuletea malipo lilimshangaza. Baadaye America Online wakachangia gharama za toleo la tatu, lililotoka 2004, na lile ndilo kila mtu analitumia sasa. Symbian, waliokuwa na mfumo wa simu za Nokia, wakaleta kazi yao. Android nayo ikaja na SQLite ndani tangu mwanzo.

Angalia wateja hawa wananunua nini. Programu wanayo tayari. Wameipakua bila kumuuliza mtu. Wanachonunua ni hakika kwamba siku ikiharibika yupo wa kupokea simu, anayeijua kila kona yake. Bei zake zimekuwa zikitangazwa hadharani, na orodha hiyo inafaa kusomwa polepole. Mkataba mdogo wa matunzo: dola 1,500 kwa mwaka. Nyongeza ya kusimba data kwa siri: dola 2,000, unalipa mara moja. Uanachama wa muungano wa wafadhili: kuanzia dola 120,000 kwa mwaka, na hapo unapata muda wa watengenezaji wenyewe. Hata huyo wa dola 1,500 si mteja wa kudharau kama wapo wengi na hawapigi simu mara kwa mara.

Kisha kuna kitu kinachoitwa dhamana ya umiliki, dola 6,000. Kile cheti kinakuhakikishia kwamba SQLite ni mali ya umma na una haki ya kuitumia. Yaani unalipa dola elfu sita upewe karatasi ya kusema kitu cha bure ni cha bure. Nilipokutana nayo mara ya kwanza nilicheka, lakini inauzika kwa sababu inayoeleweka: wanasheria wa kampuni kubwa hawaamini kitu kisicho na mwenyewe. Katika baadhi ya nchi hata dhana ya kuachia kazi yako iwe mali ya umma ungali hai haieleweki kisheria. Mwanasheria akishika karatasi yenye sahihi analala vizuri.

Na karatasi hiyo ina kitu nyuma yake. Kila aliyechangia msimbo amesaini hati ya kiapo kwamba anaachia haki zake zote, na waajiri wao pia wamesaini. Hati halisi zimefungiwa kwenye sefu isiyoungua moto katika ofisi ya Hwaci. Kwa sababu hiyohiyo hawapokei msimbo kutoka kwa mpita njia. Jambo hili huwaudhi vijana wa programu huria, waliozoea kwamba mradi wa wazi maana yake kila mtu anaruhusiwa kuutia mkono. SQLite ni wazi kusoma, imefungwa kuchangia. Nadhani uamuzi huo ndio uliookoa biashara, maana cheti cha dola 6,000 hakiwezekani kama hujui kila mstari umetoka kwa nani.

Mwaka 2007 ulizaliwa muungano wa SQLite. Hipp alikuwa akipanga namna ya kuwapa wafadhili sauti, na inasimuliwa kwamba Mitchell Baker wa Mozilla, watengenezaji wa Firefox, ndiye aliyemzuia: wafadhili watoe pesa, uamuzi wa kiufundi ubaki kwa watengenezaji. Mozilla na Symbian wakaingia kwa masharti hayo, Adobe pia, baadaye Bloomberg. Ushauri huu ulitoka kwa mtu ambaye kampuni yake ilikuwa upande wa kulipa. Msomi wa kawaida, aliyezoea fedha za utafiti zinazokuja na masharti ya mfadhili, angekubali masharti yoyote ili mradi mkataba usainiwe.

Sehemu ya upimaji ninaipenda kuliko zote. SQLite ilipoingia kwenye mamilioni ya simu, hitilafu ndogo zilizokuwa zimejificha zilianza kuibuka, kwa sababu jambo linalotokea mara moja katika milioni, kwenye simu za Android linatokea kila siku. Hipp alikuwa amesikia kwa wateja wa upande wa ndege kuhusu DO-178B, kanuni zinazotumika kukubali programu za ndani ya ndege. Kanuni hizo, kwa ngazi ya juu, zinataka kila tawi la msimbo lipitiwe na majaribio, na kila sharti dogo ndani ya uamuzi lithibitishwe kwamba lenyewe, peke yake, linaweza kubadili matokeo. Akaamua kufika huko. Kufikia asilimia tisini na kitu si vigumu sana. Zile chache zinazobaki ndizo zilizomla, akafanya kazi kwa saa nyingi kila wiki karibu mwaka mzima. Leo msimbo wa majaribio ni zaidi ya mara 500 ya msimbo wa programu yenyewe. Na fungu kuu la majaribio hayo, liitwalo TH3, halikuachiwa bure. Hilo ni mali ya kampuni.

Hapo biashara yote inaonekana kwa uchi. Programu ni ya kila mtu. Uwezo wa kuibadilisha ukiwa na hakika hujaiharibu, huo anao yeye. Yeyote anaweza kuinakili SQLite na kuanzisha yake, na wapo waliojaribu, lakini kampuni inayotaka kulala usingizi itarudi kwenye mlango wa Charlotte. Mazoea hayo ya kutokubali kauli mpaka ithibitishwe ni mazoea ya maabara. Nchi nzima ya wahitimu wa uzamivu inayo, na wengi wanapokwenda kuuza programu huyaacha mlangoni kwa kudhani soko linataka kasi tu.

Kando kidogo: kampuni fulani zilimtumia fomu za kusajili wazabuni, zenye kisanduku kinachouliza kama una kanuni za mwenendo. Hipp, Mkristo wa kweli, akakijaza kisanduku kwa kunakili maagizo ya Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, ya karne ya 6, likiwemo la kumpenda Mungu kwa moyo wote. Mwaka 2018 watu wakaliona, zikapigwa kelele. Hakuyaondoa, alibadilisha jina la hati ikaitwa kanuni za maadili badala ya kanuni za mwenendo, na akaweka nyingine kwa jamii. Uamuzi huo unaweza kuupenda au kuuchukia, ila mfanyakazi wa chuo au wa kampuni kubwa asingeweza kuufanya.

Si njia pekee. Cleve Moler alikuwa profesa wa hisabati Chuo Kikuu cha New Mexico alipoandika MATLAB, programu ya kufanyia hesabu, ili wanafunzi wake wasihangaike na lugha ya kompyuta ya Fortran. Mwaka 1984 yeye, Jack Little na mwenzao wakaanzisha MathWorks, wakauza leseni kwa njia ya kawaida, na Moler mwenyewe hakuhamia huko moja kwa moja mpaka 1989. Leseni huleta pesa mapema na nyingi zaidi, lakini inahitaji wauzaji, ofisi, watu wa kufuatilia wizi. Mtu wa kujitegemea anayependa kubaki mdogo ataiona njia ya Hipp inamfaa zaidi. Anayetaka kukua atamfuata Moler, tena kwa kukawia kuacha mshahara.

Kwetu Tanzania na Kenya kisa hiki kinagonga mahali fulani hasa. Mhadhiri akiandika mfumo wa kukusanya takwimu kwa mradi wa afya au kilimo, bajeti ya mfadhili huwa na fungu la kutengeneza, halina fungu la matunzo. Mradi ukiisha, mfumo unabaki kwenye seva isiyolipiwa, na karani wa wilaya anaendelea kukupigia kwa hisani. Unakuwa unafanya bure kazi ambayo Hipp anaiuza. Ukiandika pendekezo, tenganisha mkataba wa matunzo na ule wa utengenezaji, uwe na mwaka wake, bei yake na idadi ya saa. Hesabu pia kodi ya zuio ya asilimia 5 inayokatwa kwenye malipo ya huduma, na ukidai cheti chake usione aibu. Na usidanganyike na dola 120,000. Hipp ana wateja ambao kwao kiasi hicho ni kidogo kuliko mshahara wa mhandisi mmoja, na hao walimjia baada ya miaka minane ya kibarua na mingine kadhaa ya kugawa. Aliye Dodoma au Nakuru anaweza kuwafikia wateja haohao kwa intaneti, ila kibarua cha miaka hiyo hakiruki mtu.

Ninachokiona dhaifu kwenye kisa hiki ni uchache wa watu. Airbus imethibitisha kwamba SQLite imo kwenye programu za ndege ya A350, na ndege hukaa kazini miongo kadhaa. Watengenezaji wametangaza nia ya kuitunza mpaka mwaka 2050, mwaka ambao Hipp atakuwa na miaka 89. Dan Kennedy, mtengenezaji mwenzake aliye naye tangu miaka ya mwanzo ya 2000, hawezi kulijaza pengo hilo peke yake. Wamechukua tahadhari zinazowezekana: historia yote ya msimbo, kila baiti, inanakiliwa yenyewe kwenye seva zilizo mbalimbali, katika vituo vya kampuni tofauti, muundo wa faili umeandikwa wazi na Maktaba ya Bunge la Marekani imeuweka kwenye orodha ya miundo inayopendekezwa kwa kuhifadhi data. Msimbo hautapotea. Kazi iliyobaki ni kuwapata watu wa kupokea simu, walio tayari kukaa na programu moja miaka ishirini na tano, na hao hawanakiliki kwenye seva.